Donda ndugu: kidonda ambacho hakisubiri kikao cha ukoo

Wazee wetu wa pwani walikuwa na jina maalumu la kidonda kinachokula nyama. Walikiita donda ndugu. Waliolitumia jina hilo walijua wanachokisema: viko vidonda vya kuoshwa na kufungwa kitambaa hadi vikapona, na kiko kidonda kinachotembea. Leo kipo kidoleni, kesho kimefika wayoni, keshokutwa kimepanda muundi, na mwenyewe bado anawaambia jamaa zake kuwa ni mchubuko tu.

Madaktari wa leo wamelichambua jina hilo na kuona kwamba ndani yake yamo maradhi zaidi ya moja. Yumo mgonjwa ambaye mguu umekosa damu kwa sababu mishipa imeziba. Yumo mwenye kidonda sugu cha nchi za joto. Na yumo mwenye maradhi ya kutisha kuliko yote hayo, ambayo bakteria huingia chini ya ngozi na kuua nyama kwa kasi ya saa, wala si ya siku. Makala haya yanamhusu zaidi huyu wa mwisho, kwa sababu hatima yake huamuliwa mapema mno, na mara nyingi huamuliwa nyumbani kabla daktari hajamwona.

Nyama hufa chini ya ngozi nzima

Baina ya ngozi na misuli yetu upo utando mwembamba unaofunika misuli na kuitenganisha. Utando huo hauna damu nyingi. Bakteria wakifika hapo hupata njia iliyonyooka ya kusambaa, na sumu wanazotoa huigandisha damu katika vijishipa vidogo vinavyolisha ngozi na mafuta yaliyo chini yake. Nyama isiyofikiwa na damu hufa.

Hapo ndipo ilipo siri ya maradhi haya. Dawa za kuua bakteria, zimezwe au zipitishwe mshipani, husafiri kwa damu. Mahali ambapo damu imeganda, dawa haifiki. Kwa hiyo vidonge pekee haviwezi kuyamaliza, hata viwe vya bei ya juu kiasi gani. Mgonjwa huhitaji mambo matatu kwa pamoja: dawa kali kwa njia ya mshipa, maji na uangalizi wa karibu, na upasuaji wa kuondoa nyama yote iliyokufa. Mara nyingi mpasuaji hurudi tena baada ya siku moja au mbili kutazama kama maradhi yamesonga mbele, na pengine hurudi mara ya tatu.

Wakati mwingine kazi hii hufanywa na bakteria wa aina moja, kama wale streptokoki ambao pia husababisha maumivu ya koo. Wakati mwingine ni mchanganyiko wa aina nyingi, wakiwemo wale wanaoishi matumboni mwetu bila kutudhuru. Na kwa sisi watu wa visiwani, ifahamike kwamba wapo pia bakteria wa maji ya chumvi yenye joto ambao huingia kupitia jeraha lililopatikana baharini, na humshambulia zaidi mtu mwenye maradhi ya ini au kinga dhaifu.

Hata katika hospitali zenye vifaa vingi duniani, kiasi cha mgonjwa mmoja kati ya kila watano hadi mmoja kati ya watatu hufariki. Wanaosalimika wengi hubaki na makovu makubwa, na baadhi yao hupoteza kidole, mguu au mkono. Katika mambo yote yaliyochunguzwa, lile ambalo binadamu ana uwezo nalo zaidi ni muda. Mgonjwa anayepasuliwa katika saa za mwanzo ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi kuliko yule anayefikishwa chumba cha upasuaji baada ya siku nzima au zaidi kupita.

Maradhi yenye historia ndefu

Si maradhi mapya. Mwaka 1871 daktari wa Marekani aitwaye Joseph Jones aliandika habari za askari zaidi ya 2,600 waliopatwa na vidonda vinavyooza hospitalini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Karibu nusu yao walifariki. Mwaka 1883 Jean Alfred Fournier wa Paris alieleza namna yake inayoshambulia sehemu za siri za wanaume. Mwaka 1924 mpasuaji Frank Meleney, akifanya kazi Beijing, alieleza wagonjwa 20 na akasisitiza kupasua mapema. Jina la kitaalamu linalotumika mpaka leo lilitolewa mwaka 1952.

Katika njia za misafara zilizoanzia Zanzibar, vidonda vilaji vilijulikana sana. David Livingstone, aliyefika Unguja mwaka 1866 kujitayarisha kwa safari yake ya mwisho, alikwama mwaka 1870 katika kijiji cha Bambarre, nchi ya Manyema iliyoko mashariki mwa Kongo ya leo. Vidonda vilimla miguu yote miwili, akabaki ndani ya kibanda kwa takriban siku 80. Aliandika kwamba watumwa wengi waliochukuliwa kwenye misafara walikufa kwa vidonda vya namna hiyo. Watu wa pwani waliokuwa huko, akiwemo mfanyabiashara Mohamad Bogharib aliyemfadhili, walikuwa na dawa yao ya unga wa jiwe la kijani lenye shaba, uliosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Vile vilikuwa vidonda vya njaa, uchovu na kutembea peku. Vya zama zetu vimepata mshirika mwingine.

Mshirika huyo ni sukari

Anayetaka kujua ni nani yumo hatarini zaidi leo, na aanze na maradhi ya sukari. Sukari iliyozidi katika damu kwa miaka hufanya mambo matatu. Huua mishipa ya fahamu ya miguu, mtu akakanyaga msumari asihisi. Huziba mishipa ya damu, jeraha likakosa chakula chake. Na hudhoofisha chembe za kinga, bakteria wakakosa wa kuwazuia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 upande wa Tanzania Bara ulikuta takriban asilimia 9 ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 wana sukari iliyopanda, na wengi hawakuwa wakijua. Visiwani nako, ni nadra kupata ukoo usio na mzee anayehudhuria kliniki ya kisukari.

Dar es Salaam imetoa somo ambalo limesomwa dunia nzima. Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake waliona wagonjwa wa kisukari wanaoingia hospitali wakiwa na mikono iliyovimba na kuoza, baadhi yao chanzo kikiwa ni kitu kidogo kabisa: kuumwa na mdudu, kukwaruzwa, kuchomwa na mwiba. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2002 katika jarida la kila wiki la Kituo cha Marekani cha Kudhibiti Magonjwa. Baadhi ya wagonjwa hao walikatwa vidole au mkono, na wengine walifariki. Jambo lililojirudia ni kwamba jeraha lilikuwa dogo na safari ya kwenda hospitali ilichelewa. Daktari huyo huyo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mradi uliofundisha madaktari na wauguzi wa Tanzania na India namna ya kutunza miguu ya wagonjwa wa kisukari, mradi ambao baadaye uliigwa na nchi nyingine.

Mbali na sukari, hatari huongezeka kwa mwenye maradhi ya figo au ini, mwenye virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa, mwenye saratani, mzee dhaifu, mtu mnene kupita kiasi, mvutaji wa sigara, na yule anayetumia kwa muda mrefu dawa za steroidi, wakati mwingine alizojinunulia dukani bila cheti. Watoto nao wana milango yao. Mtoto mwenye tetekuwanga aliyejikuna hadi kutoka vidonda, kisha homa ikarudi kwa nguvu na sehemu moja ya mwili ikavimba na kumuuma sana, asibakishwe nyumbani. Kitovu cha mtoto mchanga kiachwe kikavu na kisafi. Wekundu unaoenea tumboni kutoka kitovuni ni jambo la kwenda hospitali usiku ule ule.

Ni kweli pia kwamba baadhi ya wanaopatwa ni watu wazima wenye afya njema, wasio na maradhi yoyote yaliyojulikana. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba akiwa hana sukari basi dalili hizi hazimhusu.

Dalili ambazo hazitakiwi kusubiriwa asubuhi

Dalili ya kwanza ndiyo inayowapotosha wengi: maumivu makali yasiyolingana na kinachoonekana. Ngozi yaweza kuwa na wekundu mdogo tu, lakini mgonjwa anapiga kelele ukimgusa. Uvimbe hupita mpaka wa wekundu, na sehemu hiyo ukiibonyeza huwa ngumu kama ubao. Baadaye rangi hugeuka kuwa ya zambarau au nyeusi, hutoka malengelenge yenye maji ya rangi ya damu, na pengine ngozi ikibonyezwa husikika kama mchanga unaosagika kwa sababu ya hewa iliyo chini yake. Mgonjwa hupata homa, moyo humwenda mbio, hulegea, na hata kuanza kuweweseka.

Yapo mambo mawili ya kuangaliwa kwa makini. La kwanza, kwa mtu mweusi wa ngozi wekundu hauonekani wazi. Tazameni uvimbe, joto, ung'avu wa ngozi iliyovutika na tofauti ya mguu mmoja na mwingine. La pili, maumivu yakitulia ghafla wakati uvimbe unaendelea, msimshukuru Mola kwa haraka: huenda mishipa ya fahamu imekufa. Na kwa mgonjwa wa sukari mwenye ganzi, maumivu yanaweza yasiwepo tangu mwanzo. Kwake yeye, uvimbe, harufu, homa au sukari iliyopanda bila sababu vinatosha kumpeleka.

Njia nyepesi ya kujua kama maradhi yanatembea ni kuchukua kalamu na kuchora mstari kwenye mpaka wa uvimbe, kisha kuandika saa. Mstari ukivukwa baada ya saa moja au mbili, hakuna la kujadili. Safari ianze kuelekea kituo cha karibu, iwe ni Hospitali ya Kivunge kwa watu wa Kaskazini au Makunduchi kwa watu wa Kusini, au moja kwa moja Mnazi Mmoja kwa walio mjini, na mgonjwa aelezwe tangu mapokezi kwamba uvimbe unaenea. Kutoka Nungwi hadi Mji Mkongwe ni zaidi ya kilomita 50. Anayesubiri gari la asubuhi amekwishapoteza usiku mzima.

Wale wanaoingia baharini wana sababu zaidi ya kuwa macho. Akina mama wa mwani wa Paje na Jambiani husimama majini saa nyingi, na wavuvi huchomwa na mwiba wa taa, miamba na ndoana. Jeraha la baharini lioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kilichobaki ndani kitolewe, na mtu aulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Mwenye sukari asiingie majini akiwa na kidonda, na asiingie peku.

Dawa za nyumbani na mipaka yake

Nyumba nyingi za Unguja zina utaratibu wake wa kidonda. Wapo wanaokanda kwa maji ya moto, wapo wanaonyunyiza unga wa kahawa, wapo wanaopaka majani yaliyopondwa, na wapo wanaonunua vidonge viwili vitatu dukani. Kukanda kwa maji ya moto mguu wenye ganzi ni hatari iliyo wazi: mgonjwa hahisi kuungua, na baada ya siku mbili kidonda kimoja kinakuwa viwili. Vidonge vichache humpa mtu matumaini huku maradhi yakiendelea chini kwa chini.

Asali ina heshima yake katika dini yetu, na hospitali nyingi duniani hutumia asali iliyotayarishwa kitaalamu kwa baadhi ya vidonda vya juu. Lakini asali inayopakwa juu ya ngozi haiufikii utando ulio chini ya mafuta ambako maradhi haya yamejificha. Kuitambua mipaka ya dawa si kuidharau dawa.

Haya isiwe sababu ya mauti

Madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2015 taarifa ya wagonjwa 84 wa maradhi aliyoyaeleza Fournier, karibu wote wanaume, na wengi wao walifika wakiwa wamechelewa. Maradhi hayo huanzia kwenye korodani, njia ya mkojo au pembezoni mwa njia ya haja kubwa, mara nyingine kutokana na jipu dogo. Si vigumu kukisia sababu mojawapo ya kuchelewa. Mwanamume mtu mzima huona tabu kumwambia mkewe, seuze mwanawe, kwamba ana uvimbe sehemu za siri. Bibi kizee naye humficha mkwewe jipu la paja.

Haya ni pambo la Muislamu, lakini wanavyuoni wetu hawakutofautiana kwamba dharura ya matibabu inamruhusu daktari kutazama sehemu ya uchi kwa kiasi kinachohitajika. Baba awaambie watoto wake wa kiume tangu barobaro kwamba maumivu ya sehemu hizo ni ya kusemwa. Mama awaambie mabinti vivyo hivyo. Na anayemuuguza mzee, amsaidie kwa stara kukaguliwa mwili mzima, si ule unaoonekana nje ya kanzu au dira peke yake.

Kikao cha ukoo na saa ya daktari

Linabaki jambo zito kuliko yote. Daktari amesema nyama lazima iondolewe usiku huu, na pengine mguu ukatwe ili roho ibaki. Hapo hufunguliwa kikao. Anasubiriwa kaka mkubwa atoke Pemba kwa boti ya asubuhi. Anapigiwa simu ami aliyeko Maskati. Mwingine anataka kwanza mgonjwa arudishwe nyumbani akasomewe. Kila mmoja anasema kwa mapenzi, na mapenzi yao yanapita saa sita, saa kumi na mbili, siku nzima.

Kushauriana ni mwenendo mwema tuliofunzwa, wala hakuna anayetaka familia itengwe na mgonjwa wake. Ila mashauriano yana wakati wake, na wakati wa maradhi haya ni kabla hayajaingia nyumbani. Familia yenye mtu wa sukari ikae leo, naye akiwa mzima na mwenye akili timamu, wamuulize: ikitokea dharura, nani aamue pamoja na daktari ikiwa wewe huwezi kusema? Jibu liandikwe na lijulikane na wote. Aliyeko mbali apewe habari, lakini asisubiriwe. Na mgonjwa mwenye fahamu zake, mwanamume au mwanamke, neno lake ndilo la mwanzo.

Kisomo hakigombani na upasuaji. Yasin inaweza kusomwa nje ya chumba cha upasuaji kama inavyosomwa nyumbani. Na kwa wenye wasiwasi kuhusu kiungo kitakachokatwa, fiqhi imekwisha kulieleza hilo: kiungo cha aliye hai hufungwa kitambaa na kuzikwa bila kusaliwa. Familia inaweza kuomba ikabidhiwe. Aliyekatwa mguu si pungufu wa utu wala wa ibada. Husali kwa kukaa, na hupewa mguu wa bandia akaendelea kuhudumia wanawe. Wanaomlilia aliyekatwa mguu wakumbuke kwamba angalau wanalia naye.

Katika Sunan Abu Daud kimo kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini, kisha akahitaji kuoga. Wenziwe wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu. Akaoga, akafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwalaumu vikali wale waliotoa fatwa bila ya elimu, na akabainisha kwamba asiyejua dawa yake ni kuuliza. Kisa hicho kinahusu jeraha, maji na ujuzi uliokosekana. Kwa hiyo mwenye kidonda amuulize daktari kama maji yanamdhuru, kisha amuulize sheikh wake namna ya kupangusa juu ya bendeji na kutayamamu. Ruhusa zipo, zimeelezwa kwa urefu vitabuni. Hali kadhalika kwa saumu: mwenye sukari na kidonda kinachotibiwa yumo katika wagonjwa waliopewa ruhusa katika Suratul Baqara, na asifunge kwa kuwaonea haya majirani.

Udhu mara tano, ukaguzi mara tano

Wataalamu wa kisukari hupata taabu kuwashawishi wagonjwa waitazame miguu yao angalau mara moja kwa siku. Sisi tunaigusa kila udhu, na tumefundishwa kupitisha vidole baina ya vidole. Mgonjwa wa sukari na akifanye kitendo hicho kwa macho pia, au amwite mjukuu amtazamie nyayo. Mambo yafuatayo yakiwa desturi, milango mingi ya maradhi itafungwa.

Maji ya moto yapimwe kwa kiwiko cha mkono au na mtu mwingine, si kwa mguu wenye ganzi. Baada ya udhu miguu ikaushwe vizuri, hasa baina ya vidole, kwani unyevu huzaa fangasi, fangasi hupasua ngozi, na bakteria hupita katika ufa huo. Mafuta yapakwe visigino na nyayo zilizokauka, yasipakwe baina ya vidole. Kucha zikatwe kwa kunyooka. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Makubadhi na ndara ni vyepesi kuvua msikitini, lakini haviukingi mguu. Kiatu kilichofunika vidole na kisichobana ni bora. Ua la msikiti adhuhuri huwa kama kikaango, na mwenye ganzi huungua nyayo bila kujua, kama inavyowapata baadhi ya mahujaji wanaopoteza viatu vyao Makka. Avae soksi nene na safi, au viatu vya kuingilia ndani pekee.

Kliniki ya kisukari isikoswe kwa sababu mtu anajihisi mzima, maana ganzi ndiyo inayomfanya ajihisi hivyo. Kila baada ya Ijumaa, mmoja wa watoto apewe kazi ya kukaa chini na kuitazama miguu ya bibi na babu, kidole kwa kidole. Na usiku wowote atakapokuta uvimbe ambao jioni haukuwapo, achukue kalamu, achore mstari, aandike saa, kisha aamshe nyumba.